Kisu Kabla ya Moto: Nyama ya Kukaanga na Mboga katika Majiko ya Busisi

Kukaanga nyama ya ng'ombe kwa haraka pamoja na mboga, yaani kuipitisha nyama iliyokatwa vipande vyembamba katika mafuta yenye moto mkali kwa dakika chache na kuichanganya na mboga bila kuacha kuigeuza, ni upishi ulioingia taratibu katika nyumba za ufukwe wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, ambako nyama kwa kawaida huchemshwa kwa saa nyingi hadi iachane na mfupa. Makala haya yanauangalia upishi huo kama ulivyofanyika Busisi, kata ya Wilaya ya Sengerema iliyo kando ya Ziwa Victoria, na yanategemea kumbukumbu za mwandishi aliyekulia jirani na gati la kivuko, ambaye aliushuhudia mara nyingi katika banda la mama yake mdogo, aliyekuwa mama lishe, yaani mpishi anayewauzia wapita njia chakula cha bei nafuu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba upesi wa chakula hiki hutengenezwa kabla moto haujawashwa, wakati nyama inapochaguliwa buchani, inapokatwa na inapolainishwa, na kwamba anayeielewa kazi hiyo ya awali hupata mlo mzuri kutokana na nyama ya kawaida kabisa ya bucha la kijijini, bila kuhitaji fileti wala jiko la gharama.

Ili kuelewa kwa nini kuchemsha ndiko kulikotawala, ni lazima kuanza na ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe wengi wa Usukuma na Uzinza, yaani nchi za Wasukuma na Wazinza zinazopakana na ghuba hiyo, ni wa asili, zebu wa pembe fupi mwenye nundu, anayevumilia jua, kiu na kupe, na anayetembea mwendo mrefu kila siku akitafuta malisho na maji. Katika kaya za wakulima wa pamba na mpunga, dume aliyehasiwa, yaani maksai, huvuta plau na mkokoteni kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa, na jike huachwa azae na kukamuliwa mpaka aishiwe nguvu. Misuli iliyofanya kazi kwa muda mrefu kiasi hicho huwa na kolajeni iliyokomaa, yaani protini inayozishika nyuzinyuzi za nyama pamoja, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo protini hiyo inavyozidi kukaza. Kolajeni hulegea na kugeuka jelatini ikikaa kwa muda mrefu katika joto lenye unyevu, kuanzia takriban nyuzijoto 70 za Selsiasi, na kwa hiyo chungu kilichokaa juu ya mafiga tangu asubuhi kilikuwa ni jibu sahihi kwa nyama ya aina hiyo, jibu lililopatikana kwa uzoefu wa vizazi vingi ambavyo havikuhitaji kuelezwa kemia yake.

Jambo la pili linahusu mwinuko wa nchi, nalo halizingatiwi sana na waandishi wa vitabu vya mapishi ambao wengi wao hupikia pwani au Ulaya. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakifika kama nyuzijoto 96, hivyo sufuria inayotokota Busisi ina joto pungufu kuliko sufuria inayotokota Dar es Salaam au Zanzibar, na nyama ngumu ndani yake huchukua muda mrefu zaidi na hula mkaa zaidi. Mafuta hayafungwi na kikomo hicho, kwa kuwa yanaweza kupanda hadi nyuzijoto 180 au 200 popote yalipo, na hii ni sababu mojawapo ya msingi inayoufanya ukaangaji ufae nchi za juu ambako kuni na mkaa vinazidi kuadimika.

Jambo la tatu ni namna nyama inavyomfikia mnunuzi. Katika vijiji vya ufukweni ng'ombe huchinjwa alfajiri, mkaguzi wa nyama humkagua na kumpiga muhuri wa wino, na kabla jua halijapanda nusu ya nyama imekwishauzwa, ikiwa bado na uvuguvugu wa mnyama aliye hai. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia, huhitaji siku kadhaa katika baridi ili kuilegeza tena. Ndiyo sababu machinjio makubwa ya mijini hutundika nyama katika vyumba vya ubaridi kabla ya kuiuza. Bucha la kijijini halina chumba hicho, na mnunuzi hupokea nyama iliyo katika saa zake ngumu kuliko zote, iwe imetoka kwa ng'ombe mzee au kwa ndama. Anayechukua maelezo ya kukaanga nyama yaliyoandikwa kwa ajili ya nyama iliyokomazwa wiki mbili na kuyatumia kwa nyama hii bila kuyabadilisha hupata vipande vinavyotafunika kwa shida, kisha huhitimisha kwamba nyama ya kienyeji haifai kukaangwa, hukumu ambayo mwandishi wa makala haya anaiona kuwa ya kuionea nyama isiyo na kosa.

Busisi ilikuwa mahali pazuri pa kujifunzia namna ya kuyabadilisha maelezo hayo kwa sababu ya kivuko. Inatazamana na Kigongo, iliyo upande wa Wilaya ya Misungwi, na barabara kutoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na kuendelea hadi Kagera ilikatika hapo kwa mkono wa ziwa ambao kwa miaka mingi ulivukwa kwa pantoni, kama watu wa huko wanavyokiita kivuko cha magari na abiria. Malori, mabasi na bodaboda yalipanga foleni pande zote mbili, na kungoja kulikuwa sehemu ya safari, lakini hakuna aliyejua kwa hakika kungekuwa kwa muda gani: abiria aliyeketi kula angeweza kuitwa na honi ya basi kabla hajamaliza tonge la pili. Biashara ya chakula katika mazingira hayo ilihitaji chakula kilicho tayari kabla ya mteja kuketi, kama vile sato wa kukaanga, dagaa, maharage na wali, au chakula kinachoweza kuiva wakati mteja ananawa mikono. Mama mdogo alichagua njia ya pili kwa upande wa nyama, na uchaguzi huo ulimtofautisha na mabanda ya jirani, ambayo yalipika rosti, yaani nyama yenye mchuzi mzito wa nyanya, na kuiacha ikiwashiwa moto mara kwa mara mpaka jioni.

Siku yake ilianzia buchani, na mazungumzo yake na mwenye bucha yalikuwa karibu yale yale kila mara. "Shikamoo mama, nikupimie mchanganyiko au steki?" aliuliza kijana wa bucha, na jibu lilikuwa, "Marahaba baba, steki nusu, ila unitolee hapa mgongoni, usinichanganyie na paja." Mchanganyiko ni nyama inayopimwa pamoja na mifupa yake, inayofaa supu na mchuzi, ilhali steki, katika lugha ya mabucha ya Tanzania, ni mnofu usio na mfupa kutoka sehemu yoyote, na bei yake hupanda kidogo. Pale mgongoni, kandokando ya uti, ndipo ilipo sarara, msuli mrefu ambao haukushiriki sana katika kutembea wala kuvuta jembe, na ambao nyuzinyuzi zake zimelala upande mmoja kwa uwazi unaomrahisishia mkataji. Fileti, iliyo ndani ya kiuno, ni laini zaidi, lakini ni ndogo, huwahiwa na wenye mahoteli, na katika ukaangaji wa haraka ulaini wake haumpi mlaji faida inayolingana na bei, kwa kuwa kisu kinaweza kuifanya sarara, na hata paja, iwe laini kiasi cha kutosha.

Kazi ya kisu ndiyo kiini cha upishi huu na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mnofu ukitazamwa kwa makini huonyesha mistari inayokwenda upande mmoja. Hizo ni nyuzinyuzi za msuli, na ugumu anaouhisi mlaji mdomoni hutegemea sana urefu wake. Kisu kikifuata mistari hiyo, kila kipande hubaki na nyuzinyuzi ndefu ambazo meno hulazimika kuzikata yenyewe. Kikiikata kwa kuivuka, kila kipande hubaki na nyuzinyuzi fupi sana ambazo huachana kwa urahisi. Mama mdogo aliugeuza mnofu juu ya ubao mpaka mistari ilale kutoka kushoto kwenda kulia, akaukata kwanza kuwa mapande mapana kama viganja viwili vya mkono, kisha akakata vipande vyembamba kwa kukilaza kisu kidogo, vya unene wa milimita tatu au nne na urefu wa kidole kidogo, akikivuta kisu badala ya kukisukuma. Kisu alikinoa asubuhi hiyo hiyo kwenye jiwe, na Mwanza haina shida ya mawe. Utando mweupe unaong'aa juu ya mnofu aliuondoa wote, kwa sababu ni kolajeni tupu isiyoweza kulainika katika dakika chache, na aliuhifadhi kwa ajili ya supu pamoja na vipande vya mafuta magumu. Wenye friji leo hupata wepesi ambao yeye hakuwa nao, kwani nyama iliyokaa kwenye ubaridi mkali kwa nusu saa hukaza na kukubali kukatwa nyembamba sana, lakini kisu kikali hufikia pale pale kwa subira kidogo zaidi.

Baada ya kukatwa, nyama ya aina hii huhitaji kulainishwa, na hapo jiko la ufukweni lina vitu vyake lenyewe. Cha kwanza ni papai bichi, ambalo utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachovunja protini, na ambalo pwani hutumika tangu zamani kwa mishikaki. Kijiko kimoja cha chai cha papai lililokwaruzwa hutosha nusu kilo ya vipande vyembamba, na nyama haipaswi kukaa nalo zaidi ya nusu saa, kwa kuwa ikizidi huwa laini kwa namna isiyopendeza, yenye uso wa kuteleza kama uji. Cha pili ni magadi, chumvi ya asili yenye ualikali inayochotwa katika maziwa kama Natron na kutumika katika nyumba nyingi za Usukuma kulainisha maharage na mlenda. Ualikali huzifanya protini za nyama zishike maji na zisikazane upesi zinapopata joto, na wapishi wa Kichina hupata matokeo hayo hayo kwa kutumia magadi soda ya dukani. Kipande kidogo cha magadi huyeyushwa katika maji, maji huachwa yatuame, na vijiko viwili vya maji yale ya juu huchanganywa na nyama kwa robo saa; yakizidi huacha ladha ya sabuni. Papai na magadi havitumiwi pamoja, kwani kila kimoja kinatosha.

Cha tatu, na ambacho mwandishi anakiona kuwa mchango halisi wa ukanda huu, ni wanga wa muhogo. Katika mapishi ya Kichina vipande vya nyama hupakwa wanga wa mahindi au viazi kabla ya kukaangwa, ili utando mwembamba ushike maji ya nyama ndani na baadaye uushike mchuzi kwa nje. Muhogo ni zao kuu la Sengerema na visiwa vyake, na wanga wake ni mweupe, hauna harufu na hushikamana vizuri kuliko wa mahindi. Mama mdogo aliupata kwa kukwaruza muhogo mbichi wa aina tamu, kuukamua katika maji kwa kitambaa, kuyaacha maji yatulie, na kumwaga ya juu. Kilichobaki chini ya bakuli kilikaushwa juani na kuhifadhiwa kwenye kopo. Kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo, pamoja na chumvi, pilipili manga kidogo na kijiko cha mafuta, kilitosha kuiandaa nyama iliyobaki ikisubiri chini ya kawa mpaka pantoni lionekane.

Pantoni lilipotoka Kigongo lilionekana majini muda mrefu kabla ya kutia nanga, na muda huo ndio uliokuwa wa kuchochea mkaa. Katika hatua hii kanuni moja hutawala zote: sehemu ya juu ya nyama ibadilike rangi kuwa ya kahawia kabla maji yaliyo ndani hayajatoka. Mabadiliko hayo ya rangi, yanayoleta harufu na ladha ambayo nyama ya kuchemsha haina, yalichunguzwa na mwanakemia wa Ufaransa Louis Camille Maillard, aliyechapisha kazi yake mwaka 1912, nayo ni matokeo ya sukari na asidi za amino kuungana katika joto. Hutokea kwa kasi kuanzia takriban nyuzijoto 140. Maji hayawezi kufika joto hilo. Kwa hiyo mara tu maji yanapotanda chini ya karai, nyama huacha kukaangika na huanza kuchemka, hupauka, hukakamaa, na juhudi yote ya kisu hupotea. Maji hayo hutoka ndani ya nyama yenyewe inapotiwa nyingi kwa mara moja katika chombo ambacho moto wake hauwezi kuyashinda, na jiko la mkaa la kawaida, tofauti na majiko ya hoteli yenye mwali mkubwa, halina moto wa kuimudu nusu kilo kwa pamoja.

Suluhisho lilikuwa kuikaanga nyama kwa mafungu. Karai la chuma liliachwa juu ya mkaa uliowaka wote, usio na moshi, mpaka tone la maji lililoangushwa ndani yake likimbie na kutoweka; mafuta yalitiwa wakati huo, na fungu la kwanza la nyama, lisilozidi konzi moja, lilitandazwa lisipandane. Hapo palihitaji ujasiri wa kutofanya chochote. Nyama iliachwa bila kuguswa mpaka uso wake wa chini ushike rangi, muda ambao haufiki dakika moja, kisha iligeuzwa kwa mwiko, ikazungushwa mara kadhaa na kutolewa kwenye sahani, na fungu la pili likafuata. Vipande vya unene huo huiva hadi katikati katika muda huo mfupi, na ni lazima viive hivyo bila kubaki na wekundu, kwa sababu nyama ya ng'ombe isiyoiva inaweza kubeba tegu, yaani mnyoo bapa anayeishi katika utumbo wa binadamu, na ukaguzi wa machinjioni, pamoja na umuhimu wake wote, haumwondolei mpishi wajibu huo.

Kuhusu mafuta, Usukuma ulikuwa na bahati ya pamba. Viwanda vya kuchambulia pamba vilivyoenea katika ukanda huu tangu enzi za vyama vya ushirika, hasa baada ya kuundwa kwa Shirikisho la Victoria la vyama hivyo mwaka 1955, viliacha mbegu ambazo zilikamuliwa mafuta, na mafuta ya pamba yaliyosafishwa huvumilia joto la zaidi ya nyuzijoto 200 kabla ya kutoa moshi. Alizeti iliyosafishwa hufanya vivyo hivyo, lakini alizeti iliyokamuliwa tu katika mashine ndogo na kuuzwa kwenye madumu, ingawa ina harufu nzuri kwa mchicha, huungua mapema na kuacha uchungu. Samli nayo huvumilia moto vizuri ikiwa imechujwa masalia yote ya maziwa, na nyama iliyokaangwa kwa samli ya Kisukuma ina utamu ambao mafuta ya dukani hayaufikii.

Mboga hufuata katika karai hilo hilo, na mpangilio wake huamuliwa na ugumu wa kila moja. Vitunguu maji huanza, kwa kuwa hutoa utamu na kuchukua rangi iliyoachwa na nyama kwenye chuma. Karoti zilizokatwa vijiti vyembamba hufuata, pamoja na maharage machanga kama yapo. Hoho na kabichi huingia baada ya kama dakika mbili. Na majani laini kama chainizi, mboga ya majani mapana yenye mishipa myeupe inayopatikana karibu kila genge, huingia mwishoni kabisa. Kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa hutiwa karoti zinapokuwa zimekwishaanza kulainika, kwani zikitangulia katika moto huo huungua. Jumla ya muda wa mboga haizidi dakika tano, na alama ya kuwa zimefika ni rangi yake kuwa kali kuliko ilivyokuwa mbichi. Zikianza kufifia, zimekwishapita. Mboga lazima ziwe kavu, zilizooshwa mapema na kukung'utwa, kwa sababu ile ile ya maji. Nyanya, ambayo mpishi wa Kitanzania huitafuta kwa mazoea katika kila sufuria, ina maji mengi sana, na katika chakula hiki haifai kutiwa mapema. Anayeihitaji na aikate vipande vinne, aondoe majimaji na mbegu, na aitie pamoja na nyama inaporudishwa. Vilevile mchuzi wa unga wa viungo vya pakiti, ambao siku hizi umezagaa katika majiko yote, hufunika ladha ya nyama iliyopatikana kwa kazi kubwa, na mwandishi anashauri kwa dhati uachwe. Chumvi, ndimu iliyokamuliwa mwishoni na, kwa anayeimudu, kijiko cha soya sosi, vinatosha.

Upishi huu, ambao wasomaji wa Magharibi waliufahamu kwa sehemu kubwa kupitia kitabu cha mapishi ya Kichina cha Buwei Yang Chao, kilichochapishwa Marekani mwaka 1945, ulizaliwa kwa ajili ya wali. Busisi huliwa wali, kwa kuwa mabonde ya Sengerema na Misungwi hulima mpunga, lakini chakula kinachoheshimiwa kuliko vyote ni ugali, ama wa mahindi ama wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa, ukakaushwa na kusagwa, ambao ni mzito na unaovutika. Ugali huhitaji kitu cha kuchovya, na nyama kavu ya kukaanga, hata iwe nzuri namna gani, humwacha mla ugali akiwa na tonge lisilo na mahali pa kwenda. Wateja wa kivukoni walilisema hili waziwazi. Mama mdogo alilitatua kwa kuchukua vikombe viwili vya supu ya mifupa iliyokuwa ikichemka pembeni, kuyeyusha kijiko cha wanga wa muhogo katika maji kidogo ya baridi, na kuvimimina vyote karaini baada ya nyama kurudi juu ya mboga; katika muda wa kugeuza mara nne au tano mchuzi ulinenepa, ukang'aa na kuzunguka kila kipande, na ukabaki wa kutosha kuchovya bila kuzichemsha mboga. Hapo chungu cha zamani na karai jipya vilifanya kazi pamoja, na mwandishi hajala mahali pengine popote nyama ya kukaanga iliyokaa vizuri hivyo kwenye ugali wa udaga.

Faida nyingine ya chakula hiki inahusu kipato na afya kwa pamoja. Nusu kilo ya nyama ikichemshwa na kugawanywa kwa watu sita humpa kila mmoja vipande vichache vinavyohesabika, na katika familia nyingi hesabu hiyo huishia kwa wakubwa kupata nyama na watoto kupata mchuzi. Ikikatwa nyembamba na kuchanganywa na kilo moja ya mboga, hakuna tonge linalokosa nyama na hakuna mtoto anayeweza kunyimwa bila nyama kuchambuliwa kipande kwa kipande, jambo ambalo hakuna mtu mwenye haya atakayelifanya mezani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima kwa siku, kiasi ambacho mlo wa ugali na samaki peke yake haukifikii. Nyama ina madini ya chuma yanayopokelewa vizuri na mwili, vitamini C ya hoho na kabichi ambazo hazikuchemshwa kupita kiasi husaidia chuma kilichomo katika mboga za majani kipokelewe pia, na vitamini A inayotokana na karoti huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Ikumbukwe kwamba wenyeji walikuwa na elimu yao ya mboga kabla ya kabichi kufika, kama mgagani unaopikwa kwa maziwa ili kupunguza uchungu, na nsansa, mboga za majani zinazochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Mgagani mchanga ukichemshwa kidogo na kukamuliwa unaweza kabisa kuchukua nafasi ya chainizi.

Mazingira yaliyozaa banda lile yamebadilika. Jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa Desemba 2019 na Rais John Magufuli, na daraja hilo, lenye urefu wa takriban kilomita tatu na lililopewa jina lake, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025; gari lililokuwa likingoja kwa saa nzima au zaidi sasa hupita juu ya maji kwa dakika chache. Hakuna anayeyajua mateso ya foleni ile, hasa ya wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa Mwanza usiku, atakayelilaumu daraja, na mwandishi anajihesabu miongoni mwa walioshukuru. Hata hivyo, abiria asiyengoja halali wala hali gatini, na wapishi walioishi kwa foleni wamelazimika kutafuta wateja penye vituo vya mabasi, minadani au Sengerema mjini. Mama mdogo alikuwa ameacha biashara kabla ya hapo kwa sababu ya umri, na chakula chake kimehamia majumbani, kwa mabinti na wakaza wana aliowafundisha, ambao hurudi jioni kutoka shambani, dukani au shuleni wanakofundisha, na ambao wana muda mfupi kuliko abiria wa pantoni.

Wengi wao hupikia gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mtungi mdogo wa kilo sita umekwishazoeleka hata vijijini, ingawa gharama ya kuujaza upya huwafanya wengi wautumie kwa chai na vyakula vya haraka tu na kurudia mkaa kwa maharage na makongoro. Katika hali hiyo nyama ya kukaanga inaufaa mtungi kuliko pishi lolote jingine la nyama, kwani huuwasha kwa chini ya robo saa. Mwali wa jiko dogo lililofungwa juu ya mtungi ni mwembamba na hujikusanya katikati, kwa hiyo kikaango kizito cha chuma kinachotunza joto hufaa kuliko sufuria nyepesi ya alumini, na mafungu ya nyama yapunguzwe zaidi, hata kama itabidi kurudia mara nne.

Kinachobaki ni suala la kiporo, yaani chakula kinacholazwa ili kiliwe kesho yake, ambacho katika nyumba za Kiswahili kina heshima yake. Rosti hulala vizuri na huongezeka utamu. Nyama ya kukaanga na mboga hailali hivyo, kwa kuwa kabichi hutoa maji usiku, wanga hupoteza unene wake na nyama hukaza tena inapopashwa, na pasipo friji katika joto la ziwani mchuzi wenye wanga na supu huchacha kabla ya asubuhi. Ni bora kukaanga kinachotosha watu waliopo na kuihifadhi nyama iliyobaki kwenye friji, ikiwa mbichi au imechemshwa, kwa mchuzi wa kesho mchana.